Samli ya Ba: namna ya kuipika, kuila na kuipaka kwa utaratibu wa Ayurveda

Ba, bibi mwenye nyumba niliyopanga India, aliniuliza swali lilelile kila mchana kwa miaka minne: "Bhukh lagi?" Ni Kigujarati, maana yake njaa imekushika? Nikijibu ndiyo, alichota samli kwa kijiko akaimimina juu ya khichdi ya moto, ule mchele unaopikwa pamoja na choroko, mpaka ikajichimbia kishimo katikati ya sahani. Nikisitasita, nikasema "kidogo tu, Ba," kijiko kilirudi koponi bila ya maneno, nami nikaletewa bilauri ya maji moto yaliyochemshwa na tangawizi. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Kwake yeye mtu asiye na njaa hapewi samli, basi.

Naanza na swali hilo kwa sababu wanaoniuliza habari za samli na Ayurveda, tiba ya kale ya India, huanzia mwisho. Nile vijiko vingapi? Inatibu nini? Inaondoa kitambi? Mie huwarudisha kwanza jikoni kwa Ba.

Jikoni kwenyewe kulikuwa Jamnagar, mji wa Gujarat, magharibi ya India, kwenye rasi ya Saurashtra kando ya Ghuba ya Kutch. Mtu wa Tanga kama mimi haoni ugeni mkubwa kule, maana upande ule ndiko walikotoka mababu wa familia nyingi za Kihindi za Zanzibar, Mombasa na kwetu. Shemeji yake Ba aliwahi kuuza vitambaa Unguja, na Kiswahili chote alichoachiwa Ba kilikuwa neno moja, "polepole", alilolitumia kwa moto wa jiko tu. Jamnagar ni mji wa Ayurveda pia. Chuo Kikuu cha Ayurveda cha Gujarat kiliundwa huko kwa sheria ya mwaka 1965, na Aprili 2022 likawekwa jiwe la msingi la kituo cha Shirika la Afya Duniani cha tiba asilia. Nilikwenda kusomea utengenezaji wa dawa. Yale ya samli niliyasoma nusu darasani, nusu kwa mwenye nyumba wangu, na nusu ya pili ndiyo iliyonikaa.

Kwa nini samli, na si mafuta mengine

Vitabu vya kale vya Ayurveda, Charaka Samhita kikiwamo, vinahesabu mafuta makuu manne: samli, mafuta ya mbegu (hasa ufuta), shahamu ya mnyama, na uboho wa mifupa. Samli imewekwa juu ya yote. Sababu wanayoitoa ni kwamba ukiipika na mti wa dawa inachukua tabia ya mti ule, na ya kwake haiiachi. Ni kama mpagazi wa zamani: anabeba mzigo wako na bado anakwenda kwa mwendo wake. Ndiyo maana dawa nyingi za Ayurveda zimepikwa ndani ya samli. Panchatikta ghrita, kwa mfano, ni samli iliyopikwa na miti mitano michungu, mmojawapo mwarobaini tunaoujua sote. Ghrita ndilo jina la samli kwa Kisanskriti.

Kisha kuna tabia tatu za mwili. Vata ina ukavu na upepo. Pitta ina joto na ukali. Kapha ina uzito, ubaridi na ute. Samli hutuliza mbili za kwanza, huongeza ya tatu. Mtu mwenye ngozi kavu, choo kigumu na tumbo linalonguruma, au mwenye kiungulia na hasira za karibu, huyo wanaona inamfaa. Mtu mzito, kifua kimejaa kohozi na makamasi hayakatiki, hupunguziwa au hunyimwa kabisa. Wazee wa pwani wanaosema fulani ana mwili wa baridi na fulani wa joto wangeelewana na Ba bila ya mkalimani.

Lakini juu ya hayo yote kuna agni, moto wa tumbo, na hapo ndipo swali la njaa linapotoka. Mimina samli kwenye moto unaowaka, ndimi zitapanda. Mimina hiyohiyo kwenye kaa linalofifia chini ya jivu, utapata moshi na macho kukuwasha. Moshi huo wa tumboni wanauita ama, chakula kisichoiva ndani ya mtu, na wanaamini maradhi mengi huanzia hapo. Njaa ndiyo alama kwamba moto unawaka. Hakuna kipimo cha rahisi kuliko hicho, na hakiuzwi duka la dawa.

Kuipika

Samli inayosifiwa na Ayurveda hupitia kwenye mtindi. Kuchukua malai mabichi na kuyayeyusha moja kwa moja kunatoa mafuta, ndiyo, lakini Ba angekutazama kwa jicho la huruma.

Yeye alinunua lita mbili za maziwa kila asubuhi, ya ng'ombe wa Gir, wale wenye paji la uso lililotokeza na masikio yanayoning'inia kama majani. Aliyachemsha, akayaacha yapoe, akaengua malai na kuyaweka kwenye kopo ndani ya friji. Siku ya saba aliyatoa, akayapasha mpaka yakawa vuguvugu tu, kidole kikiingia kisihisi baridi wala moto, akatia kijiko kimoja cha mtindi na kuyafunika usiku kucha. Asubuhi yakawa yameganda. Zamani aliyasukasuka kwa mpekecho mkubwa wa mti wenye kamba mbili. Mimi nilimkuta ameshahamia kwenye blenda na hana haya nayo. Ukifanya hivyo, izungushe kwa vipindi vifupi, na malai yakianza kuwa mazito tia maji baridi sana, nusu bilauri hivi. Ghafla siagi hujitenga na kuelea kwa madonge. Ikusanye, ikamue kwa mkono chini ya maji baridi, badilisha maji mpaka yatoke maangavu. Usipoiosha vizuri samli itapata uchachu mapema. Yale maji mazito yaliyobaki kwenye blenda ndiyo chhaash: tia chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa, unywe na chakula.

Wiki nzima ya malai ilitupa robo kilo ya samli, wiki njema ikazidi kidogo, maana si mafuta yote ya maziwa yanayopanda na malai. Hesabu yenyewe haina siri. Maziwa yenye mafuta 4% yana gramu 40 za mafuta kwa lita, kwa hiyo kilo moja ya samli ya ng'ombe inakula lita 25 au zaidi. Ya nyati wa kufugwa, ambayo mafuta yake hufika 7% na kupita, inatosha lita 15 hivi. Chukua bei ya lita ya maziwa hapo ulipo, zidisha kwa 25, halafu mtazame usoni anayekuuzia "samli safi ya ng'ombe" kwa robo ya pesa hizo. Na usome maandishi ya nyuma ya kopo. Makopo mengi ya madukani kwetu yanayopewa jina la samli ni mafuta ya mawese yaliyogandishwa na kutiwa harufu. Yanakaanga maandazi vizuri, sikatai, ila hakuna lolote katika maelezo haya linaloyahusu.

Asiye na wiki ya kungoja malai anunue siagi isiyo na chumvi, ile iliyochachushwa kama ipo. Nusu kilo inatoa kama gramu 400, kwa sababu karibu moja ya tano ya siagi ni maji pamoja na masalia ya maziwa.

Chukua sufuria yenye kitako kinene, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu povu litapanda. Moto mdogo. Usifunike, maji yanatakiwa yaondoke. Siagi itayeyuka, kisha itatoa povu jeupe zito na sauti kama mvua juu ya bati. Hapo huna kazi, koroga mara mojamoja ukwangue chini. Baada ya robo saa au zaidi ile mvua inapungua, mapovu yanakuwa makubwa na maangavu, unaanza kuona kitako cha sufuria. Sasa usiende popote. Usijibu simu. Chembe za maziwa zilizozama zinageuka kutoka nyeupe kuwa za rangi ya dhahabu, harufu inakuwa ya karanga zinazokaangwa, na povu la pili, jembamba na laini, linapanda juu. Ba hapo alitupia nusu jani la tambuu. Likikauka na kuvunjika kama karatasi, alizima moto. Kusini mwa India wengine hutia majani ya mlonge, nami nikiwa Tanga hutumia hayo, maana mlonge uko uani.

Zima moto chembe zikiwa za dhahabu, usingoje ziwe kahawia, kwa kuwa sufuria nene inaendelea kupika baada ya moto kuzimwa. Mara yangu ya kwanza nilingoja. Nikapata kitu cheusi chenye harufu ya nywele zilizoungua. Ba hakunigombeza, alichukua ile samli akapaka bawaba za milango yote ya nyumba, na kwa mwezi mzima kila mlango uliofunguliwa bila ya kulia ulinikumbusha.

Iache ipoe kidogo, uichuje kwa kitambaa safi kikavu kwenye chupa ya kioo iliyokaushwa juani. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote, maana tone la maji ndilo linaloleta ukungu. Kwa joto la pwani nashauri chupa ndogo ndogo: moja ya kutumika iwe mezani, nyingine kwenye friji. Ikianza kunuka ukali wa mafuta yaliyochina, itupe. Kuna samli ya dawa inayokusudiwa kuzeeka, purana ghrita, wanaiweka miaka kumi na zaidi, lakini hiyo huwekwa na wanaojua wanachokingoja; chupa uliyoisahau nyuma ya kabati haikuwa purana ghrita kwa kusahauliwa.

Kuila

Kwa matumizi ya nyumbani utaratibu ni mfupi. Samli iingie kwenye chakula cha moto, saa za mchana, njaa ikiwapo. Mchana kwa sababu wanasema moto wa tumbo unakwenda na jua. Baada yake unywe maji ya moto au vuguvugu, usinywe ya barafu. Ukitaka kujua kwa nini, mimina samli iliyoyeyuka kwenye bilauri ya maji ya friji uone inavyoganda. Kama tumboni mambo huenda hivyohivyo sijui, ila tangu niione ile bilauri sijawahi kuvunja sharti.

Kiasi: Ba mwenyewe alikula kijiko kimoja cha chai kwa mlo. Mie kijana alinipa viwili. Kwa mwenye choo kigumu alitia kijiko kimoja cha chai katika kikombe cha maziwa ya moto, akampa anywe kabla ya kulala. Nimeona ikisaidia, ingawa nusu ya sifa nayapa maji ya moto aliyomlazimisha mtu kunywa alfajiri yake. Majira ya baridi, Desemba na Januari, Saurashtra nzima hula mkate mnene wa uwele, rotlo, uliotobolewa kwa vidole na kujazwa samli, na kipande cha sukari guru pembeni. Mzazi naye hutengenezewa sheero, unga wa ngano uliokaangwa ndani ya samli na kutiwa sukari guru, mambo ambayo mama yeyote wa pwani aliyekula uji wake wa arobaini atayatambua.

Sasa hesabu ya upande wa pili, maana sitaki mtu aseme nilimficha. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kina gramu 14 hivi, kalori zaidi ya 120, na karibu gramu 9 za mafuta yale magumu ya wanyama yanayopandisha kolesteroli mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi 10% ya nguvu zote za chakula cha siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22. Vijiko viwili vya chakula vinakaribia kumaliza mgawo wako kabla hujagusa nyama, tui wala maziwa. Wahindi wana utani wa kale: kopa, ukanywe samli. Lakini Ba alipanda ngazi za nyumba yake mara kumi kwa siku na kufunga kila ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, yaani mara mbili kwa mwezi. Mie nakaa kwenye kiti saa nane. Nikirudi likizo, vijiko vyangu viwili vilipunguzwa kuwa kimoja kabla hata sijaeleza.

Mwenye ugonjwa wa moyo, kolesteroli iliyopanda, mawe kwenye mfuko wa nyongo au maradhi ya ini aongee na daktari wake kwanza. Na anayekunywa dawa za hospitali asiziache kwa sababu ya samli.

Bilauri nzima

Kuna matumizi moja ambayo watu huyasikia na kuyatamani: kunywa samli tupu. Linaitwa snehapana, na ni hatua ya maandalizi kabla ya panchakarma, tiba ya kusafisha mwili kwa kuharisha au kutapika chini ya usimamizi. Mgonjwa hunywa samli asubuhi tumbo likiwa tupu, kipimo kidogo siku ya kwanza ili kumjua tumbo lake, kisha kinaongezwa kila siku, kwa siku tatu hadi saba. Hali mpaka njaa irudi yenyewe, na akila anakula uji mwepesi. Mganga anaangalia ngozi, choo, na kama mgonjwa ameanza kuichukia samli. Hiyo nayo ni alama ya kuacha.

Mwaka wangu wa pili nilijiona nimeshajua. Nilikuwa nimetoka harusini usiku uliopita, nimekula ladu sijui ngapi, nikaamka mzito, nikasema leo najisafisha. Nikajaza bilauri, nikanywa kwa pumzi mbili. Saa nne asubuhi kila mate niliyomeza yalikuwa samli. Saa sita nilikuwa nimeshajua idadi ya vigae vya choo cha uani, na mchana Ba aliponikuta nimelala sakafuni hakuuliza nimekunywa nini, aliinusa bilauri. Maji ya moto, tangawizi, na hakuna chakula. Jioni akaja: "Bhukh lagi?" Hapana. Kesho yake asubuhi: hapana. Kesho yake alasiri nilisema ndiyo, nikapewa maji ya mchele yenye chumvi. Samli sikuiona kwa wiki mbili.

Kwa hiyo sitaandika hapa vipimo vya snehapana. Ukitaka, mtafute aliyeisomea, aliyesajiliwa, na akae nawe siku zote hizo.

Kupika samli na tangawizi

Hii unaweza kuifanya nyumbani, kwa sababu tangawizi ni chakula, na ukikosea utapata mafuta ya kukaangia kitunguu. Kanuni ya kale ni moja kwa nne kwa kumi na sita: sehemu moja ya dawa iliyosagwa, sehemu nne za samli, kumi na sita za maji. Chukua gramu 50 za tangawizi mbichi uliyoimenya na kuitwanga mpaka ikawa uji mzito, gramu 200 za samli, na mililita 800 za maji. Yeyusha samli, tia tangawizi, tia maji, moto mdogo sana. Koroga chini isishike.

Waandishi wa kale wanashauri kazi hii isimalizwe siku moja. Nilidhani ni mikogo ya vitabu mpaka nilipojaribu zote mbili. Ile iliyolala usiku na kumaliziwa asubuhi ilikuwa na harufu ya tangawizi iliyotulia, na ile ya haraka ilikuwa na ladha ya kuungua pembeni. Ukiilaza usiku, iweke kwenye friji ikishapoa, kwa sababu ungali na maji mengi ndani.

Kujua imeiva ni ufundi, na hapa ndipo nilipowapenda watu wale. Chota masalia kidogo, yapoe, uyaviringishe baina ya vidole. Yakikubali kuwa kama utambi bila ya kushika vidole, karibu. Kisha upeleke utambi ule kwenye moto: ukilia chwaa chwaa, maji bado yamo, ukiwaka kimya, maji yameisha. Na povu: kwa samli, povu hutulia ikiiva, ilhali kwa mafuta ya mbegu povu ndiyo kwanza linapanda. Wanafunzi wote tulikosea swali hilo kwenye mtihani angalau mara moja.

Chuja ikiwa bado na joto. Nusu kijiko cha chai kwenye tonge la kwanza la wali au ubwabwa, dakika chache kabla ya la pili, kwa mtu ambaye njaa yake inakuja kivivu.

Samli iliyooshwa mara mia

Shata dhauta ghrita: shata ni mia, dhauta ni iliyooshwa. Ni ya kupaka, si ya kula. Chukua gramu 100 za samli iliyoganda uiweke kwenye sinia la shaba. Mimina maji baridi kiasi cha samli yenyewe, usugue kwa kiganja kwa kuzungusha, dakika moja au mbili. Mwaga maji, tia mapya. Hiyo ni moja.

Ndiyo, mara mia. Tulifanya wanawake watatu barazani kwa kupokezana, tukihesabu kwa punje za choroko tulizozihamisha kutoka bakuli moja kwenda jingine, na mchana wote ukaisha. Kufika ya ishirini samli ya manjano inaanza kupauka. Kufika ya hamsini imekuwa nyeupe na inavimba kama malai yaliyopigwa. Mwisho wake haina harufu ya samli wala ulaini wa mafuta. Inapita kwenye ngozi kama krimu ya dukani na kuacha ubaridi. Wanaipaka kwenye ngozi inayowasha, iliyochomwa na jua, visigino vilivyopasuka. Mie naitumia kwa visigino, miezi ya kaskazi, na hapo sina malalamiko.

Imebaki na maji ndani yake, kwa hiyo iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki chache. Usiipake kwenye kidonda kibichi. Aliyeungua na moto au maji ya moto atiwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali kama jeraha ni kubwa. Samli, hata iliyooshwa mara elfu, isiguse hapo.

Pale ninaposema hapana

Mtoto mchanga asidondoshewe samli puani wala asinyweshwe kwa nguvu. Madaktari wa Saudi Arabia na wa kusini mwa India wameeleza watoto waliopata nimonia kwa sababu mafuta yaliingia mapafuni badala ya tumboni. Kitovu chake kisipakwe samli. Pepopunda ni njia fupi mno kutoka hapo.

Machoni pia hapana. Zahanati za Ayurveda hufanya netra tarpana, wanazungushia jicho ukuta wa unga wa choroko nyeusi na kulijaza samli ya dawa, lakini ya jikoni kwako haina usafi wa kuingia jichoni.

Samli na asali kwa uzito sawasawa ni mwiko wa kale katika Ayurveda, vitabu vinauweka karibu na sumu. Sijamwona mtu aliyedhurika. Ba alitii kwa namna ya rahisi: asali siku yake, samli siku yake.

Na dawa za Ayurveda za kopo zinazouzwa mitandaoni: utafiti wa mwaka 2004 mjini Boston, Marekani, ulipima dawa 70 zilizokuwa zikiuzwa madukani, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi ninayosema ni ile ya betri. Mjamzito na mtoto wasiguse dawa ambayo hujui ilikotengenezwa.

Ukoko

Umebaki ukoko wa dhahabu kwenye kitambaa cha kuchujia. Usiutupe. Wagujarati wanauita kitu, na mara ya kwanza Ba aliponiambia "kitu" akinyoosha kidole kwenye kitambaa nilimwuliza kwa Kiswahili, "kitu gani?", tukabaki tunatazamana. Ukwangue ungali moto, uchanganye na sukari guru iliyopondwa na iliki moja, ufinyange vidonge vidogo. Hauhifadhiki, kwa hiyo uliwe siku hiyohiyo. Wajukuu wa Ba walikuwa wanasikia harufu kutoka ghorofani wakashuka mbio, na huo ndio wakati pekee ambapo hakuna aliyeulizwa kama ana njaa.